Shali Iliyochemshwa

Ukikuta baka mkononi mwako, limepauka kidogo kuliko ngozi nyingine, na ukilifinya husikii kitu, usifanye kama nilivyofanya mimi. Mimi nililionea fahari.

Ndiyo, fahari. Subiri nikueleze.

Jina langu ni Kandida, ila mtaani kwetu Bombambili, hapa Songea, wananiita Mama Otilia kwa jina la binti yangu. Nilipata ukoma. Nimepona. Nalisema neno lenyewe mapema ili anayetaka kuvuta kiti chake nyuma avute sasa, sisi wengine tuendelee. Naandika kwa ajili ya yule aliyetoka kliniki leo na pakiti ya vidonge imefichwa ndani ya kanga, akiwaza atawaambiaje wa nyumbani. Habari za vijidudu na majina ya dawa watakueleza wenyewe hospitali. Mimi nitakueleza yale ambayo wao hawana muda nayo.

Kazi yangu ni kufuma. Nilifundishwa nikiwa msichana na mtawa mmoja wa Kijerumani, mama mkali ambaye ukikosea kitanzi kimoja anavuta uzi na kazi yote inafumuka mbele ya macho yako. Alitufundisha masweta na soksi, lakini mimi nilipenda lesi: shali nyepesi za sufu zenye matundu ya majani na maua, unazivaa huoni uzito ila baridi inakaa mbali. Na baridi ya Songea mwezi wa sita si ya kuchezea.

Zamani sufu ilikuwa taabu kupata. Maduka yalipokuwa matupu tulifumia hata nyuzi za magunia. Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa, mitumba ikamwagika, na sokoni kukawa na marundo ya masweta ya Ulaya, makubwa, yametoboka viwiko, hakuna anayeyatazama. Wenzangu walikimbilia magauni. Mimi nilikuwa nachomoa uzi wa sweta na kuuchoma kwa kiberiti. Ukinuka nywele zilizoungua, hiyo ni sufu, naondoka nayo. Ukinuka plastiki namwachia mwenye mali. Nyumbani nafumua sweta lote, naosha, natia rangi, kisha nausokota uzi upya kwa kijiti, kwa sababu uzi uliofumuliwa umelegea na umejikunjakunja, hauwezi kubeba lesi mpaka usokotwe tena.

Rangi nilitengeneza mwenyewe. Maganda ya vitunguu yanatoa rangi ya dhahabu, kokwa za parachichi zinatoa waridi laini, majani ya chai yanatoa kahawia. Unaweka shabu kidogo ya kushikisha rangi, unazamisha nyuzi, moto wa taratibu. Sharti ni moja: sufu haitokoti. Ukiitokosha na sabuni ukaikoroga inajikaza, inagandamana, shali nzima inageuka kipande kinene kama blanketi kuukuu, na haina dawa tena. Otilia alikulia pembeni ya sufuria ile. Sharti hilo alilijua kabla hajajua Salamu Maria.

Kila kiangazi, mvua zikishakatika, wanawake wa mtaani walikuja barazani kwangu kujifunza. Wao waliinua nyuzi kwenye sufuria kwa mti. Mimi nilitumbukiza mkono. Maji yanafuka mvuke, nazamisha mkono wa kushoto mpaka kwenye kifundo, naugeuza uzi nione kama rangi imeshika, wala sikunji uso. Mnatujua wanawake wa huku: anayeipua sufuria bila kitambaa anaonekana ndiye mama wa nyumba kweli, na anayetafuta kitambaa anachekwa kuwa ana mikono ya karani. Wakanipigia vigelegele, wakasema Mama Otilia ana mkono wa chuma. Nami nikavimba kichwa. Akija mgeni nafanya makusudi kabisa, namwita karibu na moto aone.

Baka lenyewe lilikuwa juu ya kiwiko cha mkono huohuo. Nilidhani ni utango, fangasi ya ngozi tu.

Siku moja, masika inaelekea mwisho, tulikuwa tunakula ugali na likolo la majani ya maboga, mimi na mume wangu. Baba Otilia ni mtu wa utani, mchana kutwa hachoki, hata alipopunguzwa kazi kwenye ushirika alikuja nyumbani akaniambia sasa nimepata mpishi. Siku hiyo aliacha utani. Alinishika mkono wa kushoto akaugeuza. Upande wa kidole kidogo kulikuwa na lengelenge kubwa, limeshapasuka, nyama nyekundu iko nje.

"Mama Otilia, huu mkono umeungua lini?" aliniuliza.

Sikujua. Akalibonyeza taratibu huku ananitazama usoni. Sikusikia chochote, na yeye aliona kwamba sijasikia. Akanawa mikono, ugali ukabaki.

Tulianzia dispensari moja ya mjini. Wakanipa dawa ya fangasi ya kupaka, nikapaka kwa bidii, baka likanitazama tu. Baba Otilia ndiye aliyesema twende hospitali ya misheni, Peramiho. Tuliondoka asubuhi ukungu haujainuka, mimi nimejifunika kitenge mpaka kwenye kidevu kama mwizi.

Nikwambie kuhusu lile benchi. Kliniki yetu ilikuwa mwisho kabisa wa varanda, na unapoielekea unapita mbele ya mabenchi mengine yote: wenye watoto, wenye meno, wenye malaria. Wote wanatazama mikono yako. Mimi niliificha ndani ya kitenge. Benchi letu lilikuwa na nafasi tele. Alikuwepo mzee mmoja kutoka Lusewa, vidole vyake vimebaki vifupi, anamenya karanga kwa meno na kuwagawia wenzake. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akanitazama, akaniambia niutoe mkono nje aone. Nikautoa. Akautazama muda, akasema mimi nimewahi, yeye alichelewa, alikuwa na shamba la tumbaku, halikumruhusu. Kisha akaniwekea karanga kwenye kiganja. Nilizila. Sijawahi kula karanga kwa mawazo mengi vile.

Sista wa kliniki alikuwa Mngoni, mrefu, hana haraka. Akaniambia nifumbe macho, akinigusa na pamba nioneshe kwa kidole mahali aliponigusa. Akaanza na shavu, nikaonesha. Mkono wa kulia, nikaonesha, tena upesi upesi kama mwanafunzi anayejua. Kisha kimya. Nikakaa nimefumba macho, nikadhani ameitwa nje.

"Sista," nikasema, "mkono wa kushoto hujaanza?"

"Nimemaliza, mama. Fumbua macho."

Hapo ndipo nilipolia. Alipotaja jina la ugonjwa nilikuwa nimeshalia tayari, kwa hiyo halikunipata vizuri. Nilimwuliza kitu kimoja tu, kama nitafuma. Hakunidanganya. Alisema dawa zitauua ugonjwa wote, lakini mishipa iliyokwisha kuharibika nyingine inaweza isirudi, na kadiri nitakavyomeza bila kuruka ndivyo nitakavyookoa iliyobaki. Akanipa vidonge vya kwanza, nikavimeza mbele yake. Kisha akasema neno ambalo nawe lishike: ukishaanza dawa hizi, baada ya siku chache humwambukizi mtu. Akanituma nikalitangaze nyumbani.

Nikalitangaza. Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho, akatoka, akakaa kwenye kizingiti akitazama kuku. Aliporudi ndani aliniuliza dawa zinamezwa kabla ya kula au baada. Tangu hapo ndiye aliyekuwa mlinzi wa vidonge vyangu. Wifi yangu Filomena, dada yake tuliyekuwa tunaishi naye, hakuuliza kitu. Ila kesho yake nilikuta kikombe changu kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio chake ili kisichanganyike na vingine. Uzi wenyewe kautoa kwenye kapu langu! Niliutambua, nilikuwa nimeusokota wiki ile ile. Nilitaka kukipiga ukutani. Baba Otilia akaingia, akakiona, akaelewa. Hakugombana na dada yake. Alimimina chai yake ndani ya kikombe kile, akanywa, akasema kuanzia leo hiki ndicho chake, kimepambwa. Akanywea humo mpaka uzi ulipokatika wenyewe.

Huruma ndogo kama hizo usizipite. Ndizo utakazoishi nazo.

Otilia alikuwa ameolewa mwaka uliotangulia, Mpitimbi, na kijana mwema anayeitwa Alto, wanaishi na mama yake. Alikuwa mjamzito. Sasa kwetu sisi tuliofundishwa na watawa kuna desturi yetu: mtoto wa kwanza wa binti yako anafunikwa shali ya lesi iliyofumwa na bibi yake, mzaa mama. Hainunuliwi, haiazimwi. Mama yangu alimfumia Otilia. Hata wakwe wakikuletea mablanketi kumi, mtoto akienda kanisani bila shali ya bibi yake watu wanauliza kama bibi amekufa. Nikajiambia mtoto atazaliwa mwisho wa kiangazi, mimi nina kiangazi kizima. Kama mkono huu utafuma shali hiyo na binti yangu akaipokea, basi mimi bado ni mama wa mtu. Ugonjwa mzima niliupima kwa shali hiyo.

Mwili ulianza mambo yake. Mkojo unakuwa mwekundu siku ya dozi ya hospitali ya kila mwezi, usishtuke. Ngozi ikawa nyeusi, si weusi wetu wa siku zote, weusi wenye wekundu ndani yake, na ikakauka. Halafu mwezi wa sita baridi ilipoingia, mshipa wa kiwiko ukawaka. Loo! Mimi niliyekuwa nalalamika kwamba mkono hausikii, ulinisikilizisha maumivu usiku na mchana. Kidole kidogo na cha pete vikaanza kujikunja kuelekea kiganjani kama vinaficha kitu. Wakanilaza hospitali, wakanifunga plasta, wakanipa vidonge vingine vilivyonifanya uso uwe duara kama sahani. Niliporudi Bombambili mama mmoja wa barazani akanisimamisha njiani, kwa mbali, akasema jamani umenenepa, ugonjwa unakupenda. Barazani kwangu hakuja. Hawakuja hata mmoja. Masweta waliyoniagiza yalikaa yamekunjwa kabatini mpaka nikayafumua tena.

Plasta ilipotolewa nikachukua sindano. Yule mtawa alitufundisha kufuma kwa kupitisha uzi mkono wa kushoto, unauzungusha kwenye kidole kidogo ili uwe umekazwa sawasawa. Kidole kidogo hichohicho. Kimejikunja, hakisikii uzi kama upo au haupo. Vitanzi vikatoka vingine vikubwa, vingine vidogo, lesi ikawa kama wavu ulioliwa na panya. Nilijaribu siku nzima. Jioni nikatupa kapu lote uani, kuku wakalirukia. Baba Otilia akaenda kuokota nyuzi moja moja, akatoa vinyesi vya kuku kwa majani, akarudisha kapu karibu na kiti changu, akanyamaza. Mtu wa maneno mengi kama yule akinyamaza unajua amekuhurumia kweli.

Jawabu nililipata nikiwa navaa. Gauni langu lilikuwa limekatika kifungo nikalibana kwa pini, na nikaona: uzi si lazima ushikwe na kidole. Nikafunga pini kifuani, upande wa kushoto, nikapitisha uzi ndani ya tundu lake, ukakazwa na pini. Vidole viwili vizima vya kushoto vikabaki na kazi ya kusukuma kitanzi tu. Kwa kuwa havikusikia vizuri, nilivitazama. Zamani nilifuma huku napiga soga na kutazama wapita njia. Sasa kila kitanzi nilikiona kwa macho kabla sijakiacha. Nilikwenda taratibu mno, lakini lesi ikarudi kuwa lesi. Nilimpelekea Sista kipande siku ya dozi. Akakigeuza mbele na nyuma, akaita wauguzi wengine waje waone, halafu akanigombeza kwa sababu nilikuwa sijapaka mafuta mkononi. Kila siku loweka mkono kwenye maji ya kawaida, paka mafuta, nyoosha vidole kwa mkono mwingine. Wewe nawe fanya, usivivie.

Basi kiangazi kikaenda. Mwezi wa nane wa upepo na vumbi nilikuwa nimefika katikati ya shali. Nyuzi zake nilizipata kwenye sweta moja jeupe, laini ajabu, nikazitia rangi ya kokwa za parachichi, nikiinua kwa mti safari hii kama wenzangu. Mwezi wa tisa jua likawa kali, majani ya lesi yakafika ukingoni. Niliiosha kwa maji ya uvuguvugu, nikaitandaza kwenye mkeka na kuibana kwa miiba pembeni ili ivutike na majani yafunguke, maana lesi isipooshwa na kuvutwa haina sura. Ilipokauka nilikaa nikaitazama. Sijafuma kitu kizuri vile nilipokuwa mzima.

Otilia akajifungua salama, mtoto wa kiume, wakamwita Oswini. Siku hizo mkono ulikuwa na kidonda, Sista amenikataza safari, kwa hiyo shali ilikwenda na Filomena. Aliporudi nilimwuliza wamesemaje. Akasema wamepokea, wameshukuru, akaenda kuchambua mchele. Filomena hajawahi kuchambua mchele bila kuambiwa.

Tulikwenda Mpitimbi siku chache kabla ya Noeli, mimi na mume wangu, kwa ajili ya ubatizo. Mama Alto, mkwe mwenzangu, ni mkulima, mama wa sauti kubwa, tukasalimiana vizuri, akatukaribisha uji. Oswini alikuwa amefungwa kanga. Nikanywa uji. Nikauliza shali iko wapi. Alto akainuka akasema anaenda kuangalia mbuzi. Otilia akatazama chini. Nikamgeukia Mama Alto, moyoni nimeshamhukumu, nikajiambia nilijua, mwanamke huyu hataki kazi ya mkono wangu iguse ukoo wake.

Otilia akaingia ndani, akatoka nayo. Sikuitambua mara moja. Ilikuwa imebaki robo ya ukubwa wake, nene, ngumu, majani yamefungana kabisa. Rangi ya waridi imekuwa rangi ya maji machafu.

"Ni mimi, mama," akasema. "Niliichemsha mimi."

Nikamwambia labda alisahau, labda maji yalizidi moto kwa bahati mbaya. Namsaidia kusema uongo, unaona. Mama ni mama.

"Sikusahau. Nilijua itakavyokuwa. Niliogopa."

Mume wangu akawaka. Sijawahi kumwona vile. Alimwambia mtoto wake maneno ambayo sitayaandika, na Mama Alto ndiye aliyemtuliza. Akasema yeye mwenyewe alirudi kutoka shambani akakuta shali iko motoni na sabuni, akagomba mpaka majirani wakaja, lakini ilikuwa imechelewa. Mkono wangu ulikuwa umeungua mara nyingi bila kusikia, na hili lilinichoma likafika mfupani. Wageni kunikimbia nilishazoea. Huyu nilimzaa, nilimlisha kwa mkono huo.

Mama Alto akamchukua mtoto kutoka kwa Otilia bila kuomba ruhusa.

"Mkwe, mshike mjukuu wako," akaniambia, akaniwekea mikononi.

Nilimshika. Nikwambie kweli: vidole vya kushoto havikumsikia. Niliona niko naye ila sikumsikia, na hilo nilikuwa sijajiandaa nalo. Nikamsogeza juu, nikaweka shavu langu kwenye kichwa chake, shavu likasikia. Otilia alinyoosha mkono nusu, kama anayetaka kumkamata mtoto asianguke. Kisha akaurudisha. Niliuona kwenda na kurudi, na sijui kipi kiliniuma zaidi.

Oswini alibatizwa Noeli ile amefunikwa kitenge kipya cha Mama Alto. Nilikaa benchi la nyuma. Tuliporudi Songea nilikuwa nimelibeba lile pande la shali kwenye mfuko, sijui kwa nini, nikalitupa nyuma ya kabati. Mwezi mzima sikugusa sindano. Ndio wakati pekee niliotaka kuacha dawa. Nilimwambia mume wangu mkono huu hata ukipona ni wa nani. Akanimiminia maji, akanipa vidonge, akasimama pale pale mpaka nimeze, akaniambia ni wa kwake, anahitaji mtu mwenye vidole wa kumpigia makofi akitania.

Haikupita muda nikaungua tena, safari hii kwa sufuria ya maharage, mazoea mabaya hayaishi upesi. Baba Otilia alipomaliza kunifunga kidonda akachungulia nyuma ya kabati, akatoa ile shali, akaikata kwa mkasi vipande viwili, akakikunja kimoja, akaipua sufuria nacho. Nilipiga kelele kana kwamba amekata nguo ya maiti. Yeye anacheka. Akaniambia nishike mwenyewe. Nikashika. Ilikuwa nene hasa, sufu iliyogandamana haipitishi moto hata kidogo. Nikanuna siku mbili tatu, halafu nikaanza kuitumia. Tangu siku hiyo sijaungua. Nasema kwa kinywa kipana: katika vyote nilivyowahi kufuma, hicho ndicho kilichookoa mkono wangu, na ukija jikoni kwangu leo utakikuta kinaning'inia kwenye msumari. Wewe usingoje mtu akuchemshie shali. Tafuta kitambaa kinene leo, kiweke karibu na jiko, na anayecheka mwache acheke.

Dawa nilimaliza masika, miaka miwili kamili tangu nilipoanza. Sista alinipigia makofi, wenzangu wa benchini pia. Vidole viwili vimebaki vimejikunja kidogo, baka limefifia. Watu huniuliza kama siku hiyo ndiyo niliyojiona nimepona. Hapana. Siku niliyojiona nimepona ilitangulia, bado nameza vidonge.

Ilikuwa baridi ya kiangazi cha pili. Otilia alikuja Bombambili na Oswini mgongoni, bila taarifa, akasema amekuja kukaa kidogo. Niliwapokea. Sikumfukuza ila sikumchangamkia. Mchana nikaipua chungu cha likolo, naye akaona nilichoshikia. Kwenye ile sufu iliyogandamana, ukitazama vizuri, majani ya lesi bado yanaonekana, madogo, yamefungana. Alikishika, akakigeuza, akakaa nacho mapajani muda mrefu likolo likipoa. Kisha akalia kwa sauti, kilio cha msiba, mpaka Filomena akaja mbio kutoka uani.

Alipotulia akasema, "Mama, nifumie nyingine."

Nikamwuliza kama sabuni ameshanunua. Najua, nilikuwa mkali. Akasema anastahili kutukanwa, nimtukane mpaka nichoke, lakini nifume. Nikamjibu kwamba kutukana na kufuma kwa pamoja kunaharibu lesi, nichague kimoja. Kesho yake nikafunga pini kifuani.

Alinisokotea nyuzi yeye mwenyewe, vidole vyake vinasikia uzi mwembamba usiosikika na vyangu. Mimi nikafuma. Wanawake wawili watatu wa zamani wakaanza kusimama uzioni, wakisema wanapita tu. Nikawaacha wapite tu. Siku ya kumaliza walikuwepo pale uzioni, na Filomena anapepeta mtama. Nikafunga kitanzi cha mwisho, shali ikiwa mapajani, imejikunja kama nguo iliyolaliwa, hata jani moja halijafunguka, uzi wa mwisho unaning'inia. Nilikuwa natafuta mkasi.

Otilia akainuka, akaichukua, akamfunika Oswini aliyekuwa amekaa kwenye mkeka.

"Ngoja kwanza," nikamwambia, "bado haijafuliwa."

"Haifuliwi, mama."

Nilimweleza kwamba si hilo, ni lesi, lazima ioshwe ivutwe, watu wataona mashimo yamefumba, yule mtawa angeniadhibu. Akasema ataivuta siku nyingine, leo mtoto avae hivyo hivyo ilivyotoka mkononi. Kwa kweli ilikuwa shali mbaya kuliko zote zilizotoka nyumbani kwangu. Oswini aliishika kwa mikono yote miwili, akaitazama, na kama wanavyofanya watoto wa umri ule, akajaza pembe yake mdomoni akaanza kunyonya. Pale uzioni wakanyoosha shingo. Nikamtazama Otilia. Alikuwa amemwona mtoto, na alikuwa ameniona ninamtazama. Akaketi karibu yangu, akaokota ule uzi uliokuwa unaning'inia, akaukata kwa meno.